Kupima metali nzito kwenye gome la mti na udongo wake

Risasi, kadmi, zinki na shaba zikiingia hewani hutua mahali. Gome la mti na udongo ulio chini yake ni sehemu mbili za kuzitafuta, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Gome la nje limekufa. Kilichomo humo kwa sehemu kubwa hakikupanda kutoka mizizini, kimeletwa na upepo, vumbi na mvua. Gome lenye nyufa, kama la mwarobaini, hunasa vumbi kuliko gome laini la mpera, kwa hiyo kulinganisha mwarobaini wa barabarani na mpera wa shambani ni kujidanganya. Miti iwe ya aina moja, na gome libanduliwe kimo kimoja, mara nyingi mita 1.5 hivi, mbali na matope yanayorushwa na mvua. (Wanaobandua mwarobaini wa kando ya barabara kwa ajili ya dawa wangefaa kulijua hili.)

Udongo huhifadhi ya zamani. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa karibu kote Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara kuu enzi hizo huweza kubaki kwenye tabaka la juu la udongo kwa miongo mingi. Mti uliopandwa hapo baadaye waweza kuwa na risasi kidogo kwenye gome huku umesimama juu ya udongo wenye risasi nyingi. Hata hivyo, upepo ukipeperusha udongo huo, risasi ya zamani hurudi kwenye gome jipya, na hapo ndipo usomaji wa matokeo unapokuwa mgumu.

Maabara hukausha sampuli, huzisaga, huziyeyusha kwa asidi ya nitriki, kisha mashine husoma kiasi cha kila metali kwa miligramu kwa kilo. Namba hiyo peke yake haisemi mengi, maana kila udongo una metali zake za asili. Hulinganishwa na eneo la mbali lenye udongo wa aina ileile, au hupimwa dhidi ya alumini, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye udongo wenyewe: risasi ikizidi uwiano wake wa asili na alumini, imetoka kwingine.

Asidi ya udongo nayo ipimwe. Kwa kiasi kilekile cha kadmi, mchicha kwenye udongo wenye asidi nyingi hufyonza zaidi.