Je, wajua kwa nini umeme uliohifadhiwa kwa hidrojeni hupotea theluthi mbili njiani?

Kisiwa kisichofikiwa na gridi huweza kuwa na upepo wa kumwaga msimu mmoja, kisha kikaukosa msimu unaofuata. Betri huvusha usiku, pengine siku mbili, miezi haiwezi. Ndiyo maana kisiwa cha Utsira, Norwei, kilianza mwaka 2004 kujaribu hidrojeni kwa nyumba 10: umeme wa ziada hupasua maji, gesi hushindiliwa mitungini, upepo ukitulia gesi inarudishwa kuwa umeme.

Hesabu yake ni chungu. Kilo 1 ya hidrojeni hula kWh 50 hadi 55 kuzalishwa, na nyingine chache kushindiliwa. Ikipita kwenye seli ya mafuta, kifaa kinachogeuza gesi hiyo kuwa umeme, hurudisha kWh 15 hadi 18 tu. Zilizobaki huwa joto. Betri ya lithiamu hurudisha takriban asilimia 90. Kwa hiyo kila kWh inayopitia hidrojeni hudai paneli au mitambo ya upepo mara tatu, pamoja na ardhi, alumini na shaba yake. Athari kubwa kwa mazingira iko hapo, ingawa wengi hutazama mvuke safi unaotoka mwishoni. Joto la seli, nyuzi 60 hadi 80, likipasha maji ya matumizi, sehemu ya hasara hukombolewa.

Vipi kuhusu uvujaji? Hidrojeni ikivuja humaliza hidroksili, kemikali inayosafisha methani angani, hivyo methani hudumu zaidi. Athari ikipimwa kwa miaka 100, kilo 1 iliyovuja hukadiriwa kuwa sawa na kilo 12 hivi za kaboni dioksidi. Lakini kilo 1 iliyotumika huokoa karibu lita 5 za dizeli ya jenereta, yaani kilo 13 za kaboni dioksidi. Hata asilimia 5 ikivuja, deni ni kilo 0.6 tu. Kihisi cha gesi kifungwe darini hata hivyo, maana hidrojeni hupaa, na ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kuwaka.

Maji ni lita 9 kwa kilo ya hidrojeni, na zaidi ukihesabu yanayotupwa na chujio. Yasiposafishwa vizuri, kalsiamu na chuma huziba utando wa mtambo unaopasua maji, nao huanza kula umeme zaidi.

Mtambo wa alkali, aina nyingine ya kupasua maji, nao hautaki kuyumbishwa na mawingu: umeme unaouingia ukishuka sana, hidrojeni hupenya upande wa oksijeni, na kidhibiti lazima kiuzime. Betri ndogo ikiwekwa mbele yake huulainisha umeme huo.