Chakula "kinachoondoa inflamesheni" kinafanya nini hasa?

Kauli hii imezagaa miongoni mwa wanaofanya mazoezi: "Kula hiki, kinaondoa inflamesheni mwilini." Inasemwa kana kwamba inflamesheni ni taka iliyokwama kwenye misuli na chakula ni fagio.

Inflamesheni ni mwitikio wa kinga ya mwili pale tishu inapoumia au kuvamiwa na vijidudu. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji huvuja kwenye tishu, seli nyeupe hufuata. Mrumi Celsus, katika karne ya 1, aliitambua kwa dalili nne: wekundu, joto, uvimbe na maumivu.

Lakini dalili hizo ni za inflamesheni ya muda, ile inayokuja na kuondoka. Ile sugu, inayohusishwa na kisukari cha aina ya 2 na magonjwa ya moyo, mara nyingi haina hata moja kati ya hizo; huenda isijulikane mpaka damu ipimwe kiwango cha CRP, protini inayopanda inflamesheni ikiwepo. Sifa nyingi wanazopewa samaki wenye mafuta, mboga za majani na mafuta ya zeituni zinahusu hii sugu. Mtu anazisoma, kisha anazihamishia kwenye paja linalomuuma baada ya kukimbia. Hapo ndipo ninapokereka, kwa sababu ushauri unaofaa kwa moja unaweza kuidhuru nyingine.

Paja hilo, ambalo maumivu yake hukolea kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, linaihitaji inflamesheni yake. Seli nyeupe ziitwazo neutrofili huingia kwanza, kisha nyingine ziitwazo makrofaji, ambazo huondoa mabaki ya nyuzi zilizochanika na kuziamsha seli za akiba zijenge misuli upya. Chembe sahani, tunazozijua kwa kugandisha damu tu, nazo hubeba vichochezi vya ukuaji na kuvimwaga penye jeraha. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walionyesha kwamba vijana waliomeza miligramu 1,200 za ibuprofeni, dawa ya maumivu inayozima inflamesheni, kila siku kwa wiki 8 za mazoezi ya uzito walijenga misuli kidogo kuliko wenzao waliopewa dozi ndogo ya aspirini.

Chakula hakiizimi inflamesheni kama dawa hiyo. Omega-3, aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki, huingia kwenye utando wa seli, hata wa chembe sahani, na kuchukua sehemu ya nafasi ya mafuta mengine, asidi ya arakidoniki. Kutokana na asidi hiyo chembe sahani hutengeneza kemikali iitwayo thromboksani A2, inayozifanya zinatane; kutokana na omega-3 aina ya EPA hupatikana thromboksani A3, iliyo dhaifu zaidi. Kwa hiyo zinanatana kidogo kuliko kawaida. Damu yenyewe haijawa "nyepesi", maana uzito wake hutegemea zaidi seli nyekundu. Na omega-3 hizohizo ni malighafi ya resolvini, kemikali ambazo mwili huzitumia kuifunga inflamesheni kazi yake ikiisha.

Basi ukimshauri mwenzako ale samaki, endelea kumshauri. Mwambie tu kwamba chakula hicho huisaidia inflamesheni iishe kwa wakati wake, na kwamba ni kazi ya wiki kadhaa, kwani utando wa seli haubadiliki kwa mlo mmoja. Kuhusu misuli inayomuuma leo, muulize kwanza kama amekula protini ya kutosha na kama amelala.