Ekseli Yako Haijageuka Sukari

Haupiti mwezi kabla mtu hajaingia karakanani na ekseli iliyokatika, akaitua mezani na kunyoosha kidole: "Fundi, ona mwenyewe. Imetikisika barabarani mpaka chuma kimegeuka chembechembe. Ndani sukari tupu." Wa wiki iliyopita alisema hivyo hivyo. Hajatoka vizuri, akaingia wa shafti ya pampu na sukari yake.

Hakuna kilichogeuka. Chuma kina fuwele, yaani punje ambazo atomi zake zimejipanga kwa safu, tangu kilipoganda kutoka kwenye uji wa moto. Ukitaka kuona fuwele za metali bila hadubini, tazama bati jipya lililochovywa kwenye zinki: yale maua yanayong'aa, kila moja ni fuwele. Za ekseli ni ndogo mno, lakini zilikuwamo siku unainunua dukani.

Kosa hili limetutangulia sote. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya kichwa cha treni kutoka Versailles kwenda Paris ilikatika karibu na Meudon. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, watu zaidi ya 50 wakafa. Wahandisi wa enzi hizo walizoea chuma cha kufua ambacho kikivutwa polepole hadi kikatike huonyesha nyuzinyuzi. Wakiona ekseli imekatika kwa punje zinazong'aa, wanasema mtikisiko umegeuza nyuzi kuwa fuwele. William Rankine, kijana wa Kiskoti wa miaka ishirini na ushee, alikataa. Alichunguza ekseli zilizokatika, akaeleza mwaka 1843 kwamba ufa huanzia nje, pale ekseli inapopungua unene kwa kona kali, kisha huingia ndani kidogo kidogo. Wengi hawakushawishika. Hadi 1870 August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alikuwa ameshazungusha ekseli za majaribio miaka mingi na kuonyesha kwamba mzigo mdogo, usioweza kuivunja ekseli kwa mara moja, huikata ukirudiwa mara nyingi vya kutosha. Kisha mwaka 1903 Ewing na Humfrey, watafiti wawili wa Uingereza, wakaweka chuma kilichong'arishwa chini ya hadubini: ndani ya fuwele zile zile, tabaka ziliteleza moja juu ya nyingine, mistari ya mtelezo ikaongezeka, na hapo hapo ufa ukazaliwa. Fuwele zilibaki fuwele. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado naletewa sukari.

Kabla hujaniita, futa grisi uiangalie ekseli yako juani. Utakuta sehemu mbili. Moja ni laini, ina mistari ya upinde kama ile inayoachwa mchangani bahari ikipwa. Huko ufa umetembea, pengine kwa miezi. Ya pili ndiyo hiyo sukari, sehemu ya mwisho iliyokatika ghafla kwa sababu chuma kilichobaki hakikuweza tena kubeba mzigo. Wewe unaiangalia sukari. Mimi naifuata mistari kurudi ilikoanzia.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayajibu kwa kifupi.

"Chuma kikigongwa baridi kinajibana, ndiyo maana kinakuwa kigumu." Uzito wake kwa ujazo haubadiliki kwa kiasi cha maana. Mwaka 1926 mwanafizikia Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kutelezesha tabaka zima la atomi kwa mpigo, akapata namba kubwa mara maelfu kuliko ile inayopinda fuwele laini ya kweli. Jibu lilikuja mwaka 1934 kutoka kwa wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake: tabaka haliendi lote pamoja, linakwenda kama jongoo, ambaye hanyanyui miguu yote kwa wakati mmoja. Kasoro ndogo kwenye mpangilio wa atomi ndiyo inayotambaa. Ukigonga, kasoro hizo zinazaliana na kukwamishana, na huo ndio ugumu. Chukua waya wa shaba, uukunje na kuukunjua: mara ya kwanza unatii, ya tano unagoma, baadaye unakatika.

"Basi ipashe moto iwe nyekundu, itarudi upya." Moto unafungua mkwamo huo, kweli. Ufa hauufungi. Na kwa ekseli iliyokomazwa kiwandani, umeuharibu hata ugumu wake.

"Chuma safi ndicho kigumu." Chuma safi kabisa ni laini. Kaboni kidogo ndiyo inayozikwamisha kasoro zisitambae.

Ushauri wangu ni ule ule, na wengi wanauona wa kuwachelewesha: kona zote ziviringishwe, na usikwaruze wala kuchora chochote kwenye ekseli. Yule mteja wa wiki iliyopita nilimfuatisha mistari kwa ncha ya msumari hadi ilikoanzia. Ilianzia kwenye herufi ya kwanza ya jina lake, aliyoigonga mwenyewe kwa patasi ili ekseli isiibiwe.