Afya ya akili ya mama na uzito wa mtoto: vinakutania wapi?

Ukitaja "afya ya akili ya mama", wengi husikia wazimu. Kumbe maneno hayo yanahusu hisia, mawazo na uwezo wa mwanamke kuyamudu maisha ya kila siku, tangu abebe mimba hadi miaka ya kwanza ya kulea. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua huwapata wengi na hupita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Sonona haipiti hivyo. Huzuni haibanduki, usingizi haupatikani hata mtoto akiwa amelala, na mama hujiona hafai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa matatizo ya akili, hasa sonona, huwapata wanawake 13 hivi kati ya 100 waliotoka kujifungua. Katika nchi zinazoendelea hukaribia 20.

Sasa uzito wa mtoto unaingiaje hapo? Zaidi kupitia kulishwa. Mtoto mchanga huzaliwa na kipimo chake mwenyewe. Akiwa na njaa hutafuta titi na kunyonya ngumi. Akishiba hulegeza mikono, hufunga mdomo, hugeuza uso. Kumlisha kwa kufuata ishara hizo kunataka mtu mwenye nguvu ya kumtazama, na sonona ndiyo inayoiba nguvu hiyo. Kilio cha joto, cha usingizi, cha kutaka tu kubebwa, vyote hujibiwa kwa chupa, kwa sababu chupa hunyamazisha upesi. (Nani asiyewahi kufanya hivyo saa tisa usiku?) Ikiwa mazoea, mtoto hujifunza kula kila anapotaka faraja. Wakati mwingine kunyonyesha nako hukatizwa mapema, usingizi wa mtoto huvurugika, na runinga hugeuka mlezi.

Lakini mkondo haupiti upande mmoja. Chakula kinapokuwa haba, sonona ya mama imehusishwa na mtoto kukonda na kudumaa. Muda nao una uzito wake: sonona iliyokaa muda mrefu ndiyo tafiti zimeihusisha zaidi na mtoto kunenepa kupita kiasi, ilhali kwa ile ya kupita matokeo yanapingana. Halafu umaskini, upweke na ukatili wa nyumbani humuumiza mama na papo hapo huamua mtoto atakula nini. Ndiyo maana siipendi kabisa kauli ya "mama ndiye kamnenepesha". Baba naye hupatwa na sonona, ila yeye hakuna anayemuuliza.

Tena, unene wa mtoto haupimwi kwa mashavu. Kwa walio chini ya miaka 5, uzito hulinganishwa na urefu kwa viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, na mwelekeo wa mstari kwenye kadi ya kliniki husema mengi kuliko kipimo cha siku moja.

Mama naye ana kipimo chake cha sonona: dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Halitoi jina la ugonjwa. Linaonyesha nani anahitaji kuchunguzwa zaidi. Swali la 10 linauliza kama amewahi kujiwa na wazo la kujidhuru. Jibu lolote lisilo "kamwe" halingoji kliniki ya mwezi ujao.