Je, wajua setilaiti hupima joto la hewa kwa kutazama jua likizama?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba setilaiti ikipita juu ya Dodoma huwa imetoa kipimajoto nje, kikasoma joto la hewa. Sivyo, tena ni mbali na ukweli. SCISAT ya Kanada, iliyorushwa Agosti 2003, huzunguka kilomita 650 hivi juu yetu. Huko hewa ni haba mno kukipasha kipimajoto. Kikiwa juani kingeonyesha ukali wa jua lililokipiga, kikiwa kivulini kingepoa vibaya, na hakuna hata mara moja ambapo kingetuambia lolote kuhusu hewa iliyo kilomita 30 kutoka ardhini.

Inachofanya ni kulitazama jua likichomoza au kuzama nyuma ya ukingo wa dunia. Wakati huo mwanga hupenya hewa kwa ubavu, na kila gesi humeza rangi zake maalumu, nyingi zisizoonekana kwa macho. Kaboni dioksidi imechanganyika hewani kwa kiwango kinachojulikana, kwa hiyo rangi zake zikipungua sana, hewa ni nyingi. Hapo ndipo mgandamizo unapopatikana, maana mgandamizo ni uzito wa hewa iliyo juu yako. Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya bahari, mgandamizo huo ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar es Salaam.

Joto je? Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Fikiria watoto asubuhi ya kipupwe, mwezi wa Julai. Baridi ikiuma, wengi wamejikunyata ukutani wakiota jua, wachache tu wanakimbia. Jua likipanda, wakimbiaji wanaongezeka. Ukiwa mbali, bila kuhisi upepo, uwiano wa waliojikunyata na wanaokimbia unakuonyesha baridi ilivyo. Molekuli nazo ziko hivyo: zinazozunguka polepole humeza rangi moja, zinazozunguka kwa kasi humeza nyingine ya jirani. Linganisha mapengo yanayoachwa na rangi hizo mbili kwenye mwanga, joto limepatikana.

Lakini mstari huo wa mwanga hupita mamia ya kilomita ya hewa, kwa hiyo kipimo ni wastani. Hakiwezi kutenganisha anga la Dodoma na la Morogoro. Mawingu mazito nayo huuziba. Tena setilaiti hiyo hupata macheo 15 na machweo 15 tu kwa siku, kwa dunia nzima. Ndiyo maana setilaiti nyingi za utabiri wa hali ya hewa hutegemea mnururisho, yaani nishati isiyoonekana kwa macho, unaotoka duniani kwenyewe, ambao hata usiku haukatiki.