Kadi mbili za grafiki, mifumo miwili: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukiweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja, kila mfumo unahitaji kadi yake ya grafiki.

Ukweli: Mifumo inayowashwa kwa zamu haigombanii kadi. Kompyuta ikiwashwa upya, kadi nayo huanza upya, na mfumo uliochagua hupakia draiva zake, yaani programu za kuendesha kadi. Inauma kuona mtu akishauriwa kununua kadi ya pili kwa sababu hii tu.

Kadi ya pili ina maana pale unapotaka mifumo yote miwili iendeshwe kwa wakati mmoja: Linux ikiwa mwenyeji, Windows ikiwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya Linux) na kadi ya kwake peke yake. Hata hapo huenda huna haja ya kununua kitu, kwani grafiki iliyomo ndani ya prosesa humtosha mwenyeji.

Dhana: Ukishachomeka kadi mbili, mifumo itagawana yenyewe.

Ukweli: Linux ikiwaka huzichukua zote. Ni lazima uiambie iache moja, kwa kuikabidhi kadi hiyo kwa draiva ya vfio-pci, inayoishikilia kwa ajili ya mashine pepe na ambayo msingi wake uliingia kwenye Linux 3.6 mwaka 2012. Kabla ya kuikabidhi, IOMMU, sehemu ya maunzi inayosimamia vifaa, iwe imewashwa kwenye baiosi (mipangilio ya ubao mama). Intel huiita VT-d, AMD huiita AMD-Vi. Hii ndiyo inayoamua kifaa kifikie sehemu gani ya kumbukumbu. Bila ulinzi huo, kadi iliyo mikononi mwa mashine pepe ingeweza kuandika juu ya kumbukumbu ya mwenyeji.

Wengi hukwama kwenye makundi. IOMMU hupanga vifaa kwa makundi, na kifaa hakikabidhiwi huku wenzake wa kundi wakiendelea kutumiwa na mwenyeji. Kadi kuwa kundi moja na kifaa chake cha sauti ya HDMI si tatizo, vinaenda pamoja. Ikiwa pamoja na kidhibiti cha diski za mwenyeji, mpango umekwama. Ndiyo maana nasisitiza: chunguza ubao mama kabla hujachagua kadi.

Dhana: Kadi zikifanana, kazi ni rahisi.

Ukweli: Ni kinyume. Kwa kawaida vfio-pci huelekezwa kwa namba ya mtengenezaji na ya modeli, hivyo kadi pacha zitanaswa zote mbili. Utalazimika kuzitenganisha kwa anwani ya PCI, inayoonyesha kila kadi imechomekwa wapi.

Dhana: Kadi za GeForce za NVIDIA hazifanyi kazi ndani ya mashine pepe.

Ukweli: Zamani draiva yake ya Windows iligoma kwa kosa namba 43. NVIDIA iliondoa kizuizi hicho mwaka 2021, kwenye draiva za toleo la 465.

La mwisho ni kebo. Picha ya Windows hutoka kwenye tundu la kadi iliyopewa Windows, basi skrini iunganishwe kwenye kadi zote mbili, kisha ubadilishe ingizo kwenye skrini yenyewe.