Matuta ya mpunga ya Waifugao hayana miaka 2,000 bana

Kila ukiona picha za yale matuta ya mpunga ya Banaue huko Ufilipino, yaani mashamba ya ngazi-ngazi yaliyochongwa mlimani na Waifugao, wenyeji wa huko, lazima chini pameandikwa "yana miaka 2,000", hata UNESCO walipoingiza matuta ya Waifugao kwenye urithi wa dunia 1995 walisema hivyohivyo. Sasa hiyo namba ilitoka wapi? Kuna Mmarekani mmoja wa anthropolojia, Otley Beyer, alitazama tu ule mlima akakadiria ingechukua muda gani kuuchonga wote, yaani hakuchimba chochote, akasema miaka elfu mbili na watu wakabeba.

Waliokuja kuchimba kweli, timu ya mwanaakiolojia Stephen Acabado pamoja na Waifugao wenyewe kule Kiangan, kwenye eneo lao, wakakuta wazee wa zamani walikuwa wanalima magimbi, mpunga wa maji umeshika kasi baada ya Wahispania kufika kaskazini ya Luzon (kisiwa chenye hiyo milima) mwishoni mwa miaka ya 1500, watu wakapanda milimani na kujipanga upya huko juu. Kwa hiyo ni kama miaka 400 hivi.

Kuna wanaoona hii inawashushia hadhi Waigorot (hilo ni jina la jumla la watu wa milima hiyo, ndani yake kuna Waifugao, Wabontoc, Wakalinga, Waibaloi na wengine), mi naona kinyume kabisa, maana ile hadithi ya miaka 2,000 inawafanya waonekane watu waliogandia palepale wakati walibadilisha kilimo chao haraka hivyo wakamkwepa mkoloni, na Mhispania hakuwahi kuwatawala sawasawa mpaka anaondoka 1898.